Programu Iliyopandishwa Cheo

Ofisini kwa Patroba Osundwa hakuna mtu aliyewahi kuongezwa mshahara, lakini pia hakuna aliyemaliza mwaka bila kupandishwa cheo. Kila Desemba, watu walipokuwa wakijiandaa kufunga kazi, aliagiza ingokho wawili, kuku wa kienyeji, na obusuma, yaani ugali, wa kushibisha, akasimama karibu na dirisha linalotazama barabara ya Mumias, akagonga glasi kwa kijiko na kuanza kugawa vyeo. Osiako, aliyeajiriwa kupeleka barua kwa baiskeli, alikuwa amefikia Mkurugenzi Msaidizi wa Mawasiliano, na baiskeli ilikuwa ile ile, na breki yake ilikuwa bado ni soli ya kiatu. Dorothy aliyeajiriwa kupiga chapa sasa alikuwa Meneja wa Hati, na kazi ya meneja ilikuwa kupiga chapa. Wao kwa wao walijua wanavishwa kilemba cha ukoka. Mbele ya mkubwa walipiga makofi, maana kuku alikuwa ameiva vizuri.

Osundwa mwenyewe alikuwa Injinia. Bango la mlangoni lilisema hivyo kwa herufi nyekundu: INJINIA P. OSUNDWA NA WENZAKE. Wenzake ni akina nani, hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyeuliza habari za lile neno la kwanza pia. Miaka mingi alikuwa ovasia wa barabara, mtu hodari wa kusimamia vibarua na kutambua kokoto mbovu kwa kuitazama tu, na angeendelea kuitwa ovasia angekufa na heshima zake. Lakini alipoacha kazi ya serikali alimwita mchora mabango, akamwambia cha kuandika, na mchoraji, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, akaandika. Siku hiyo Kakamega ilipata injinia mmoja zaidi kwa gharama ya kopo moja la rangi.

Injinia wa kusomea alikuwepo pale pale ofisini, naye aliitwa Khalayi, mtoto wa wakulima wa miwa wa Mayoni. Alikuwa na digrii, alikuwa amesajiliwa, na ulimi wake haukuwa na mfuniko. Huyu peke yake ndiye ambaye ugawaji wa vyeo ulimpita kando. Kila mwaka aliongezewa maneno mengine, Msaidizi wa Kiufundi, Msaidizi Mkuu wa Kiufundi, Msaidizi Mkuu Mwandamizi wa Kiufundi, lakini lile neno moja la mlangoni hakupewa. Kwa maoni ya Osundwa, boma moja haliwezi kuwa na mafahali wawili.

Mwaka wa tisini na sita vyeo vilifika hadi kwenye kompyuta. Osundwa alikuwa kwenye mkutano Nairobi, wageni wa shirika moja la kufadhili miradi ya maji wakauliza nani kati ya wahandisi waliopo anatumia Bimasta, na toleo lake ni la ngapi. Bimasta ilikuwa programu ya Kiingereza ya kupigia hesabu za nguzo na bimu; unaiambia jengo lako lilivyo, inakuambia chuma kiwe kinene kiasi gani ili watu wasife. Bwana mmoja wa Kisumu alijibu kwamba yeye ana la tano, akakunja mikono kama mtu aliyemaliza mjadala. Osundwa akasema, bila kupepesa jicho, kwamba yeye ana la saba.

Alichokuwa nacho ni disketi alizopewa bure kwenye maonyesho ya biashara, toleo la kwanza kabisa, nakala ya kumwonyesha mteja picha nzuri ili akanunue programu yenyewe. Haikuwa na uwezo wa kupiga hesabu ya jengo lako hata ungeibembeleza. Ungeipa jengo lolote, ingeliweka kando na kufungua mfano iliozaliwa nao. Osundwa hakujua hayo na hakutaka kuyajua. Alijua tu kwamba wageni wanaweza kuja kutazama, basi akaketi kwenye kompyuta yake, akaifikia folda ya Bimasta, akafuta moja, akaandika saba. Kazi hiyo ilikuwa nyepesi kuliko kumpandisha Osiako, na kuku hakuhitajika.

Wageni walikuja, wakaona saba, wakatikisa vichwa kwa adabu, wakaenda kufadhili watu wengine. Saba ilibaki. Na kitu kikikaa kwenye cheo muda wa kutosha, watu husahau kilikotoka. Mwongo wa kawaida hukumbuka alichokificha na huwa na wasiwasi nacho. Osundwa alikuwa na kipaji kikubwa zaidi: kabla mwaka haujageuka alikuwa amekwisha kujidanganya mwenyewe, na ungemwamsha usingizini ukamwuliza, angekuapia kwamba ana Bimasta ya saba. Hata iliponunuliwa Bimasta ya kweli, ya tatu, kwa sababu Khalayi alikataa katakata kutia sahihi hesabu bila hiyo, aliiruhusu iwekwe kwenye kompyuta zote mbili, yake na ya Khalayi, jinsi mtu anavyomruhusu mdogo wake aketi mkekani.

Sasa, mkubwa huyu alikuwa na ugonjwa mwingine, wa kuhamisha vitu. Leo meza iko huku, kesho iko kule. Leo programu ziko kwenye folda iitwayo KAZI, mwezi ujao ziko kwenye iitwayo MKURUGENZI. Khalayi alikuwa ameandika maagizo yake kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, yaliyokuwa yakiichukua michoro, yakiiamsha Bimasta na kuilisha tarakimu, ili yeye asikae kutwa akibonyeza. Kila mkubwa alipopanga upya, maagizo hayo yalikwenda kubisha kwenye nyumba iliyohamwa. Khalayi alikasirika mara ya kwanza, akakasirika mara ya pili, na mara ya tatu akaketi akaandika kitu cha kumtafutia Bimasta popote ilipo. Kwa lugha ya wenye fani, mkusanyo wa namna hiyo huitwa maktaba. Dorothy alisikia kwamba jina la ile lugha maana yake ni chatu, akaomba kwa upole disketi yenye chatu huyo isiwekwe kwenye droo yake.

Khalayi alimweleza mkubwa jinsi kitu hicho kilivyofanya kazi, na alieleza vizuri. Kwanza kinatazama kama mwenye mashine ameacha maelekezo, kwamba tumia ile iliyo pale. Kama hakuna, kinakwenda kwenye rejista ya Windows, ambamo programu zinazoingia kwa njia ya halali hujiandikisha. Kisha kinapita kwenye folda moja baada ya nyingine, hata zile za uchochoroni, maana kuna wageni wasiojiandikisha. Kila Bimasta kinayoikuta kinasoma namba iliyoandikwa kwenye folda yake. Mwisho kinakusanya zote na kuchagua. Ukikitajia toleo unalolitaka, kinakutii, na usipotaja chochote, kinachukua lenye namba kubwa kuliko yote.

"Kubwa kuliko yote," Osundwa alisema, na hapo ndipo masikio yake yalipofunga duka. Khalayi aliendelea kueleza kwamba ni vizuri kufuta matoleo ya zamani, akauliza kama kwenye mashine ya mkubwa kuna kitu kingine zaidi ya ile ya tatu. Osundwa alimjibu kwamba kwenye mashine ya mkurugenzi kuna vitu vya mkurugenzi. Mashine hiyo haikuguswa na mtu mwingine, na Khalayi hakuona sababu ya kugombania kiti.

Mwaka wa tisini na nane ikaja kazi ya jukwaa. Nje kidogo ya mji, njia ya Khayega, kuna kiwanja ambacho watu walikiita kwa Mukhonje, na hapo mafahali walipigana asubuhi za Jumamosi huku nusu ya vijiji vya jirani ikiwa imepanda miti na kuta kutazama. Kamati ya mafahali ilitaka jukwaa la chuma, lenye ngazi za kukalia na paa la mabati. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Lazarus Shikanga, hedmasta mstaafu, mwenye fahali aliyeitwa Tyson na tabia ya kusoma kila kilichochapishwa, hadi vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa. Yeye alipouliza ni mashine gani itapiga hesabu, Osundwa alimwambia Bimasta ya saba, na Mwalimu aliyapeleka maneno hayo kwenye kamati kwa fahari. Uwanja wa jirani ulikuwa umejengewa na mtu mwenye kikokotozi tu.

Juma ambalo hesabu zilitakiwa, Khalayi alifiwa na senge yake, dada ya baba, akaenda Mayoni kuzika. Alikuwa ameandaa kila kitu cha jukwaa hilo, akamwomba mkubwa amsubiri hadi arudi. Osundwa aliitikia, lakini aliposhinda peke yake ofisini alianza kuona haya. Mkurugenzi kumsubiri msaidizi? Alichukua disketi ya Khalayi, akaketi mbele ya mashine yake mwenyewe, kwa sababu kiti cha msaidizi hakikulingana na hadhi yake, akaamuru kazi ianze.

Kile kitafutaji kilifanya kama kilivyofundishwa. Kilipita huku na huku, kikaandika kwenye kioo kwamba kimeikuta Bimasta ya tatu, halafu kwamba kimeikuta Bimasta ya saba, halafu kwamba kinatumia ya saba. Osundwa alifurahi moyoni kabisa. Kwa maisha yake yote alikuwa amehangaika na watu wasiotambua cheo mpaka wakumbushwe, na hapa palikuwa na kitu kilichokitambua chenyewe bila kuambiwa. Majibu yalitoka kabla chai yake haijapoa, ilhali ile ya tatu ya Khalayi ilizoea kuguna nusu ya asubuhi. Alichapisha kurasa zote, Dorothy akaweka jalada lenye jina la jukwaa, yeye akatia sahihi ya wino wa buluu bila kufunua ukurasa hata mmoja, na Mkurugenzi Msaidizi wa Mawasiliano akapanda baiskeli.

Siku chache baadaye Mwalimu Shikanga alikuja mwenyewe, amevaa tai, ripoti imebanwa kwapani. Alimsalimu Osundwa kwa mikono miwili na hakutaka kuketi kabla hajasema lililomleta. Alikuwa amesoma kurasa zote, jalada hadi jalada, na machozi yalikuwa karibu.

"Injinia, mimi nimesomanga ripoti nyingi," alisema. "Hii imenigusa. Umetuhesabia jukwaa letu kwa ng'ombe arobaini."

Osundwa alitabasamu huku akisubiri kuelewa.

"Wengine wangehesabu watu tu," Mwalimu aliendelea. "Wewe umejua sisi ni watu wa mafahali, umeweka ng'ombe. Na kama linabeba ng'ombe, mtu ni nini? Na hapa umeweka mzigo wa theluji. Wajumbe walicheka, nikawaambia, Injinia hawezi kuandika mvua ya mawe kwa lugha ya kijinga, ameandika kitaalamu. Mawe yalivyovunja mabati yetu mwaka jana, nani mwingine angekumbuka?"

Alimnyoshea ukurasa ili wafurahi pamoja. Osundwa aliusoma, na ilikuwa mara yake ya kwanza. Hapo palikuwa na zizi la ng'ombe wa maziwa, arobaini, kaskazini mwa Uingereza, na theluji juu ya paa lake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za wimbi, palikuwa na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba huu ni mfano wa toleo la maonyesho na usitumiwe kwa ujenzi. Mwalimu alikuwa ameyasoma na hayo pia, akayachukulia kuwa unyenyekevu wa kitaalamu.

Ndipo ile siku ya mwaka wa tisini na sita ilipomrudia Osundwa nzima nzima, moja ilivyofutika na saba ilivyoandikwa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na aibu ni kwamba hofu ya kwanza ilikuwa ya jina lake. Mwalimu, ambaye hakuona lolote, alimpa habari njema ya mwisho. Mchomelea vyuma alikuwa amekwisha kuanza kukata nguzo kwa vipimo vya ripoti. Na kamati ilikuwa imeamua kwamba, kama mwenye nyumba mpya anavyolala ndani yake kwanza, siku ya kufungua jukwaa Injinia atakaa safu ya juu kabisa, katikati, yeye na mama yake mzazi.

Mama yake, Mideva, alikuwa mwanamke wa mwili na alipenda mafahali kuliko harusi. Kabla Osundwa hajafika nyumbani jioni ile habari ilikuwa imemtangulia, na mama alikuwa amekwisha kuchagua kitambaa cha kichwa. Osundwa alijaribu kumwambia kwamba pale juu kuna upepo. Mama alimwuliza tangu lini mtu anaogopa upepo kwenye kitu alichokipima mwenyewe. Chakula kilimshinda, akasingizia malaria.

Khalayi aliporudi, Osundwa alimwomba apige tena hesabu za jukwaa, eti kwa mazoezi. Khalayi hakuwa mtu wa kupewa mazoezi baada ya msiba. Aliomba ripoti iliyopelekwa, akaisoma akiwa wima, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya mkurugenzi na kuketi kwenye kile kiti bila kuomba. Aliifungua ile folda ya saba na kuiamsha programu yenyewe, nayo ikajitaja kwenye kioo kwa jina lake la kuzaliwa. Kisha Khalayi alikwenda kwenye mashine yake, akaiendesha ile ya tatu, na Osundwa akasimama nyuma yake asubuhi nzima akisikiliza inavyoguna.

Alijitetea kidogo wakati wa kusubiri. Alisema kwamba hata hivyo ng'ombe ni mzito kuliko mtu, kwa hiyo pengine hapakuwa na hatari.

"Ng'ombe husimama chini," Khalayi alisema. "Hawapandi ngazi. Zile nguzo zinabeba paa na theluji, basi. Ukiweka watu juu yake watakuja chini wote, na mama yako atakuwa katikati."

Majibu yalipotoka, nguzo zilitakiwa ziwe nene karibu maradufu. Osundwa alisema kosa ni la kile kitafutaji, kilichagua vibaya. Khalayi alikubali kwamba kina kosa, na kosa hilo ni lake yeye: alikifundisha kuamini kilichoandikwa mlangoni. Hakuwa amefikiria kwamba duniani kuna mtu mzima anayeweza kuidanganya folda. Alisema mkubwa aende akaiambie kamati, na kama hataweza, yeye ataweza.

Kamati ilikutana sebuleni kwa Mwalimu Shikanga, chini ya picha ya Tyson yenye fremu. Osundwa alianzia mbali. Alizungumzia chuma, akazungumzia tabianchi, akafika polepole kwenye jambo lenyewe, kwamba baada ya kutafakari ameona nguzo zinenepeshwe kufuatana na hesabu za Bimasta ya tatu, ambayo ni tulivu zaidi. Alitumaini neno hilo lingetosha.

Halikutosha. Mwalimu aliweka kikombe chini. Alitaka kujua kwa nini watu wa kwa Mukhonje, walioahidiwa saba, sasa washushwe hadi tatu, na wale wa uwanja wa jirani watasema nini wakisikia. Mjumbe mmoja alisema huu ni ubaguzi. Mwingine alisema afadhali nguzo nyembamba za saba kuliko nene za tatu, na wenzake wakaunga mkono kwa sauti. Osundwa aliwatazama na kuwatambua. Walikuwa watu waliofundishwa kuheshimu namba iliyoandikwa nje ya kitu, na kwa miaka mingi mwalimu wao alikuwa yeye. Kadiri alivyoisifu tatu ndivyo walivyozidi kuing'ang'ania saba. Khalayi alikuwa ameketi kwenye kona na michoro magotini, anamtazama, na Osundwa alijua hatakaa kimya mpaka chai iishe.

"Saba si saba," alisema hatimaye.

Hakuna aliyeelewa, akalazimika kuendelea.

"Ni ya kwanza. Ile ya bure, ya kuonyesha watu picha. Mimi nilifuta moja nikaandika saba. Hizo hesabu mlizonazo si za jukwaa lenu, ni za zizi la Mzungu. Mkijenga hivyo litaanguka."

Mwalimu Shikanga alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu aliyesoma kurasa zote na sasa ndipo anapouona mstari aliouruka.

"Na lile bango la mlangoni kwako," aliuliza, "nalo liliandikwa na nani?"

Angeweza kusema alisomea uinjinia India. Wengi walikuwa wakisema India na hakuna aliyekwenda kuuliza. Alifungua mdomo aseme India, lakini akilini aliiona safu ya juu, katikati, na kile kitambaa kipya cha kichwa cha mama yake.

"Niliandika mimi mwenyewe, Mwalimu."

Mjumbe mmoja alikohoa. Nje, Tyson alisikika akijikuna kwenye nguzo ya zizi lake. Mwalimu alimgeukia Khalayi kule konani na kumwuliza kwa sauti ile ile, "Na wewe, binti, nani alikuandika?"

"Bodi ya wahandisi," Khalayi alisema. "Cheti ninacho."

"Kumbe injinia tulikuwa naye siku zote," Mwalimu alisema, akaomba michoro isogezwe mezani. Osundwa alisogeza kiti chake nyuma kidogo ili wapate nafasi.

Nguzo zilikatwa upya, na hesabu zilitiwa sahihi na Khalayi. Zile nyembamba hazikupotea. Mjumbe mmoja wa kamati alizitumia kujengea banda la kuku, na mpaka leo hakuna theluji iliyolishinda. Khalayi alibadilisha kitafutaji chake pia. Sasa hakisomi tena namba ya kwenye folda. Kinaifungua programu, kinaiuliza yenyewe ni nani, na ikijibu kwamba ni ya maonyesho kinaiacha hapo hapo kinaendelea na safari. Osundwa alimwomba asiifute ile folda, naye akaiacha, ila namba aliirudisha kuwa moja.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, lakini mtu hafi kwa kuvuliwa kofia, na Osundwa alikuwa wa namna ile inayosahau haraka. Bango halikuondolewa, alisema mvua zimezidi mchoraji hawezi kufanya kazi. Siku ya kufungua jukwaa ilipofika alivaa koti lake la vifungo vya shaba na kupanda na mama yake hadi safu ya juu, katikati, kwa kuwa Mwalimu Shikanga hakuwa mtu wa kufuta mwaliko. Jukwaa lilijaa. Watu walikanyaga, wakapiga ngoma za isukuti, wakaruka pale Tyson alipomsukuma mwenzake hadi kwenye migomba, na chuma kilitulia chini yao. Mideva alikuwa na furaha kupita kiasi. Osundwa aliupumua upepo wa huko juu na kuona kwamba, ukiangalia vizuri, hata yeye ana sehemu yake katika jambo hili.

Kisha Mwalimu alichukua kipaza sauti, akashukuru Mungu, akawashukuru wenye mafahali, akasema yuko mtu mmoja ambaye bila yeye watu wengi waliopo hapa wangekuwa wanaombolezewa. Aliomba injinia aliyewajengea jukwaa hilo asimame aonekane. Makofi yalianza. Osundwa alifunga kifungo cha koti, akasimama, akainua mkono. Safu mbili chini yake, kwa kusitasita, Khalayi naye alikuwa anasimama, na nyuso zote zilikuwa zimemgeukia yeye.

Mama alimshika mwanawe pindo la koti na kumvuta. Alikuwa amemzaa ovasia, akamsomesha kuwa ovasia, na hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote siku aliyobadilika.

"Kaa chini, Patroba," alisema. "Wameita injinia."

Osundwa akakaa kwa kishindo, na jukwaa halikutikisika.